Tiba Mpya ya Selimundu: Iliyofika na Iliyo Njiani

Mazungumzo na wananchi wa Chinongwe, wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi

Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu katika msimu huu wa korosho, ambapo kila mtu ana gunia la kupeleka ghalani, mkaja kunisikiliza.

Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya usalama wa dawa kwa ujumla. Lakini kabla mkutano haujaanza, mama mmoja alinivuta pembeni akanionyesha ujumbe katika simu yake. Ana mtoto wa miaka tisa mwenye selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Ujumbe ule unasema kuwa wanasayansi wamepata tiba ya kuhariri vinasaba ambayo inaponya selimundu kabisa. Kuwa tiba hiyo sasa imo katika vidonge vya "seli shina". Na kuwa atakayelipa kabla ya mwisho wa mwezi atapunguziwa bei. Fedha za mnada wa korosho zimekwisha kuingia, na mumewe yuko tayari kulipa. Mama akaniuliza, "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa dawa. Hii ni kweli au ni uongo?"

Nimemwomba ruhusa nilijibu swali lake mbele yenu nyote, kwa maana najua si yeye peke yake aliyeupokea ujumbe wa namna hiyo. Jibu langu ni kwamba nusu yake ni kweli na nusu yake ni uongo, na ile nusu ya kweli ndiyo inayoiuza nusu ya uongo. Kwa hiyo hatuna budi kuzitenganisha.

Tuanze na ukweli. Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata anapopokea kinasaba chenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia. Ikiwa wazazi wote wawili wamebeba kinasaba kimoja kimoja, wao wenyewe kwa kawaida ni wazima, lakini katika kila mimba kuna uwezekano wa moja kwa nne kuwa mtoto atazaliwa na ugonjwa. Wala si laana, si uchawi, wala si kosa la mama. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, alionyesha kuwa mtu aliyebeba kinasaba kimoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu kinasaba hiki kimeenea zaidi katika nchi zenye mbu wa malaria, na ukanda wetu wa kusini ni mmojawapo.

Hitilafu yenyewe ni ndogo mno: ni herufi moja tu katika maandishi marefu ya kinasaba kinachotengeneza himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa safi. Kwa sababu ya herufi hiyo moja, chembe nyekundu ambayo ingepaswa kuwa ya mviringo hujikunja ikawa kama mundu. Chembe za namna hiyo hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, huishiwa damu, na hushambuliwa kwa urahisi na maradhi mengine.

Ni kweli kabisa kwamba wanasayansi wamejifunza kuihariri sehemu ya maandishi hayo. Watafiti wawili walioonyesha njia hiyo ya kukata na kurekebisha vinasaba, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2020. Mwezi Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuidhinisha tiba ya selimundu inayotumia njia hiyo, iitwayo Casgevy, na Marekani ikafuata tarehe 8 Desemba mwaka huo huo. Katika majaribio yaliyochunguzwa na mamlaka ya Marekani, kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Hayo ni mafanikio makubwa, na mzazi anayeyasikia ana haki ya kufurahi.

Lakini sikilizeni namna tiba hiyo inavyotolewa. Madaktari huchukua seli za uboho kutoka katika mwili wa mgonjwa mwenyewe. Seli hizo hupelekwa katika maabara maalumu, zikahaririwa ili ziamshe tena himoglobini ya utotoni, ile tunayozaliwa nayo ambayo haijikunji kama mundu. Kisha mgonjwa hulazwa hospitalini kwa wiki kadhaa, akapewa dawa kali ya kusafisha uboho wake wa zamani, dawa ambayo inaweza hata kuathiri uwezo wa kuzaa. Ndipo hurudishiwa seli zake zilizohaririwa kwa njia ya mshipa. Mwaka 2023 iliidhinishwa kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Na bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani zaidi ya shilingi bilioni 5.

Sasa, ndugu zangu, pimeni wenyewe. Tiba inayohitaji maabara, kulazwa kwa wiki nyingi na shilingi bilioni 5 haiwezi kuwa ndani ya kopo linaloletwa kwa bodaboda. Tena seli iliyo hai haikai katika kidonge kikavu rafuni, na hata ingekaa, ikimezwa ingemeng'enywa tumboni kama kipande cha nyama. Muuzaji hakuzua ile habari ya vinasaba. Ameiazima kutoka kwa watafiti wa kweli, akaibandika juu ya kopo lake.

Pengine mtu atauliza: kama ni hivyo, je, dawa zote hizi za bayoteknolojia ni mambo ya mbali yasiyotuhusu? Hapana. Tayari mnazitumia. Hadi karne iliyopita wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini iliyotolewa katika kongosho za nguruwe na ng'ombe. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa kinasaba cha binadamu. Kadhalika, kila mama aliyempeleka mtoto wake zahanati akiwa na wiki 6, 10 na 14 amempatia chanjo ambayo ndani yake mna kinga dhidi ya homa ya ini aina ya B, kinga iliyopatikana kwa kutumia chembe za hamira zilizobadilishwa vinasaba. Mambo hayo hayakutujia kwa ujumbe wa simu. Yalipitia njia ndefu, na njia hiyo ndiyo ninayotaka muifahamu.

Njia ya dawa ina hatua nne. Ya kwanza ni maabara, ambapo wazo hujaribiwa katika vyombo na kwa wanyama. Mengi hufia hapo. Ya pili ni majaribio kwa binadamu: kwanza watu wachache ili kuona kama dawa ni salama, kisha makumi na mamia, kisha mamia au maelfu, wakilinganishwa na wasioipata. Ya tatu ni usajili, ambapo mamlaka ya nchi huchunguza ushahidi wote na kukagua kiwanda. Ya nne ni upatikanaji: dawa kufika hospitalini, kwa bei inayobebeka, ikiwa na mtaalamu anayejua kuitumia.

Habari tunazozisikia redioni na kuzisoma simuni mara nyingi ni za hatua ya kwanza au ya pili, nasi tunazisikia kana kwamba ni za hatua ya nne. Chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilianza kutengenezwa mwaka 1987. Watoto wa Bagamoyo na Korogwe, hapa hapa Tanzania, walikuwa miongoni mwa walioshiriki majaribio yake makubwa yaliyoanza mwaka 2009. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa matumizi mapana mwezi Oktoba 2021. Kutoka wazo hadi pendekezo ilipita zaidi ya miaka 30.

Wapo wanaosema huko ni kucheleweshana, watu wanakufa huku wataalamu wanajadiliana. Nawaelewa. Lakini wazee wa upande huu wana kumbukumbu ya jambo lililoanza bila kujaribiwa kwanza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na hapo jirani zetu Nachingwea. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, bandari ikajengwa Mtwara na reli ikavutwa hadi Nachingwea. Mamilioni ya pauni yalitumika kabla udongo na mvua havijapimwa ipasavyo kwa mashamba madogo ya majaribio. Mwaka 1951 mradi ukafutwa. Shamba dogo la majaribio lingetoa jibu lile lile kwa gharama ndogo sana. Shamba likikosewa, hasara ni fedha na jasho. Dawa ikikosewa, hasara ni mtoto.

Tena hata dawa iliyokwisha kuidhinishwa huendelea kutazamwa. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha kwa njia ya haraka kidonge kipya cha selimundu kiitwacho voxelotor. Kilikuwa na matumaini makubwa, kwa kuwa kilipandisha kiwango cha himoglobini. Mwezi Septemba 2024 kampuni ya Pfizer ilikiondoa katika masoko yote duniani, baada ya ushahidi mpya kuonyesha kuwa mashambulio ya maumivu na vifo havikuwa na uwiano mzuri kwa waliokitumia, na kwamba manufaa yake hayakuzidi tena hatari yake. Hiyo haikuwa dawa ya matapeli. Ilikuwa dawa ya kampuni kubwa, yenye ushahidi wake, na bado ilibainika kuwa na kasoro. Ikiwa hata hiyo ilihitaji macho ya kuilinda, je, kopo lisilochunguzwa na mtu yeyote?

Hapa Tanzania macho hayo ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo kabla ya mwaka 2019 mliifahamu kwa jina la TFDA. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliipima na kuikuta imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, ya kwanza barani Afrika kufikia ngazi hiyo. Hata hivyo mamlaka haiwezi kusimama katika kila kiambaza ambako mtu anafungua begi la makopo. Jicho la kwanza ni lenu.

Sasa nije katika jambo ambalo ningependa mama yule aondoke nalo. Wakati tukitazama mbali kwenye tiba ya bilioni 5, tunaweza kupita juu ya msaada ulio karibu. Ipo dawa iitwayo haidroksiyurea. Si mpya, Marekani iliiidhinisha kwa wagonjwa wa selimundu watu wazima tangu mwaka 1998. Nayo, kwa njia yake ya kidonge, huamsha ile ile himoglobini ya utotoni ambayo wahariri wa vinasaba wanaitafuta. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia watoto 606 wa Kenya, Uganda, Kongo na Angola waliopewa dawa hiyo. Ikilinganishwa na kipindi cha kabla ya kuianza, mashambulio ya maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo vilipungua. Hao ni watoto wanaoishi katika mazingira kama ya kwetu.

Dawa hiyo haiponyi ugonjwa, inaudhibiti. Haichukuliwi kiholela dukani, kwa sababu kipimo chake hufuata uzito wa mtoto na ni lazima damu ipimwe mara kwa mara. Haifai kwa mjamzito bila uamuzi wa daktari. Lakini imethibitishwa, na madaktari wetu wanaijua. Pamoja nayo kuna mambo madogo yanayookoa maisha: vidonge vya foliki, penisilini ya kuzuia maambukizi kwa watoto wadogo, chanjo zote kwa wakati, chandarua na kinga dhidi ya malaria, maji ya kunywa ya kutosha, na kukimbilia hospitali mtoto anapopata homa. Anzieni zahanati yenu, muombe rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali ya mkoa Lindi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara.

Na wale wanaosema selimundu haina kabisa tiba ya kuponya hapa nchini, nao wasahihishwe. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu mwaka 2023 imekuwa ikiwapandikiza watoto wenye selimundu uboho wa ndugu zao. Si kila mtoto anafaa. Huhitaji ndugu ambaye uboho wake unalingana, na una hatari zake. Lakini ni njia ya kweli, na daktari ndiye wa kueleza kama mtoto wako anastahili kufikiriwa.

Hatari kubwa kuliko zote si fedha zitakazopotea, ingawa fedha za korosho huja mara moja kwa mwaka. Hatari ni kile ambacho wauzaji wengi husema baada ya kupokea malipo: "Acha dawa za hospitali ili hii ifanye kazi." Mfa maji haachi kutapatapa, na mzazi aliyekesha na mtoto anayelia atashika chochote. Lakini mtoto wa selimundu anayeachishwa kliniki anaweza kupotea kwa malaria moja au homa moja tu, kabla wazazi hawajatambua kuwa kopo halikuwa na kitu.

Basi, mkisikia habari ya dawa mpya, ulizeni mambo matano. Kwanza, iko katika hatua ipi: maabara, majaribio, usajili au hospitalini? Pili, imesajiliwa kama dawa hapa Tanzania? Mfamasia au mganga mkuu wa wilaya anaweza kulitazama daftari la TMDA. Kumbukeni kuwa leseni ya biashara humruhusu mtu kuuza, lakini haisemi kuwa anachokiuza kinaponya. Tatu, anayeiuza ni nani, na yuko wapi nikipata madhara? Duka la Dawa Muhimu lina kibali na mahali; begi halina. Nne, je, anadai dawa moja inatibu selimundu, kisukari, presha na ugumba kwa pamoja? Dawa ya kweli hujua mipaka yake. Tano, ananihimiza nilipe leo? Ushahidi hauozi kwa wiki moja. Kinachoharakisha ni biashara.

Na mkialikwa katika majaribio ya dawa, mjue haki zenu. Majaribio halali huwa na kibali cha TMDA na cha kamati ya maadili ya utafiti. Mshiriki huelezwa kwa lugha anayoielewa, huridhia mwenyewe, huweza kujitoa wakati wowote, na haitwi kununua dawa inayojaribiwa. Anayekutoza fedha ili mwanao "ajaribiwe" si mtafiti.

Ukikuta dawa unayoitilia shaka, au mgonjwa akidhurika baada ya kutumia dawa yoyote, toa taarifa katika kituo cha afya au kwa namba iliyo nyuma ya kijitabu hiki. Tunza kopo, risiti na ule ujumbe wa simu. Usione haya. Aliyedanganywa hana kosa. Kosa ni la aliyedanganya.

Namalizia na mama yangu aliyeniuliza. Mama, ulichosoma kuhusu vinasaba ni kweli, na huenda siku moja tiba ya namna hiyo ikafika hospitali zetu kwa bei ambayo nchi inaweza kuibeba. Vidonge ulivyotumiwa picha yake sivyo. Mwambie baba asilipe. Kesho asubuhi mchukueni mtoto pamoja na kadi yake mwende kliniki, mkamuulize daktari maneno mawili: haidroksiyurea, na upandikizaji wa uboho. Fedha za korosho ziwe za nauli, za vipimo na za bima. Mtoto akiwa na afya njema leo, ndipo atakuwapo siku tiba ile itakapofika.